Kuongeza Kinga au Kuchochea Kinga? Uhakiki wa Lugha ya Vijitabu vya Saratani

Kazi ya kuunda istilahi haiishii pale neno linapokubaliwa na kuchapishwa katika orodha. Neno likishatoka katika orodha huenda kuishi miongoni mwa watu. Huandamana na maneno mengine, huzaa misemo, na mara nyingine huzaa misemo ambayo walioliunda hawakuitazamia. Kwa hiyo yatupasa, mara kwa mara, kulifuata neno huko liliko na kuuliza linafanya kazi gani. Katika makala haya nakusudia kulifuata neno moja, "kinga", pamoja na kitenzi ambacho siku hizi kimekuwa mwandani wake, yaani "kuongeza", katika maandishi yanayoeleza habari za mimea ya dawa na ugonjwa wa saratani.

Maandishi hayo ni mengi: vijitabu vya afya, safu za magazeti, matangazo ya redio, vibandiko vya chupa za dawa za miti shamba, na tafsiri za taarifa za wataalamu. Humo aghalabu utaikuta sentensi ya namna hii: "Mmea huu huongeza kinga ya mwili na hupambana na saratani." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Upatanisho wake ni sahihi, msamiati wake ni wa kawaida, na mwanafunzi wa darasa la saba ataielewa. Hata hivyo, rai yangu ni kwamba ni sentensi mbovu, na kwamba ubovu wake watoka kwetu sisi watafsiri tulioyachagua maneno.

Siwalaumu wengine nikajitoa mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri kijitabu cha afya, na sentensi hiyo, kwa maneno yaliyokaribia kuwa hayo hayo, ni kazi ya mkono wangu. Baadaye jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akitibiwa saratani, aliniita kwake. Nilipokwisha kumwamkia, alinionyesha ukurasa ule akaniuliza: "Mwanangu, umeandika hapa kwamba saratani hupigwa kwa kuongeza kinga. Hospitali wameniambia kwamba sindano zao zinaishusha kinga yangu, nijihadhari hata na mafua. Sasa nani ananitibu na nani ananimaliza? Niziache sindano?"

Swali lile lilikuwa la mantiki kabisa. Mwalimu alikuwa ameisoma sentensi yangu kama ilivyoandikwa, akaifikisha mwisho wake. Lau asingekuwa na mtu wa kumwuliza, pengine angeyaacha matibabu kwa sababu ya kitenzi kimoja.

1. Jina "kinga"

"Kinga" ni neno la kale lenye kazi nyingi. Mtu hukinga pigo kwa mkono. Hukinga maji ya mvua kwa ndoo. Hujikinga jua kwa mwavuli. Katika msemo uliozoeleka kwamba kinga ni bora kuliko tiba, neno hili lina maana ya kuzuia maradhi kabla hayajaingia. Katika miaka ya 1980, ulipoingia ugonjwa mpya usiokuwa na jina katika lugha yetu, likaundwa jina UKIMWI, kutokana na Upungufu, au kama wengine walivyosema, Ukosefu wa Kinga Mwilini. Hapana shaka kwamba hii ni mojawapo ya kazi zilizofanikiwa sana katika historia ya istilahi za Kiswahili. Kwa kifupisho kimoja, watu ambao hawakupata kusoma somo la biolojia walifundishwa kwamba mwili una uwezo wake wenyewe wa kujilinda, na kwamba uwezo huo unaweza kupotea.

Walakini mafanikio hayo yalileta na mzigo. Tangu hapo "kinga" imebeba maana tatu kwa pamoja: tendo la kuzuia maradhi, kifaa cha kujikingia, na uwezo wa mwili wa kupigana na vimelea. Tukiongeza hapo neno "kingamwili", mambo huzidi kuchanganyika. Wako wanaolitumia kwa zile protini ambazo mwili huziunda ili zishikamane na kitu kigeni, na wako wanaolitumia kwa mfumo mzima wa kinga pamoja na seli zake. Nimewahi kuona kurasa mbili za kitabu kimoja, ya kwanza ikilitumia kwa maana moja na ya pili kwa nyingine. Msomaji anayeambiwa kwamba mmea fulani "huongeza kingamwili" hawezi kujua kama anaambiwa habari ya protini, ya seli, au ya afya kwa jumla.

2. Kitenzi "kuongeza"

Kwa nini tukasema "kuongeza"? Nadhani jibu limo katika kifupisho chenyewe. Ugonjwa ukiitwa upungufu, dawa yake huwa nyongeza. Pungua na ongezeka ni jozi iliyokwisha kukaa katika masikio yetu, kama vile usiku na mchana. Na kwa upande wa UKIMWI jozi hiyo ina haki yake, kwa sababu virusi vyake huziangamiza chembe nyeupe za aina maalumu, idadi yake hushuka, na daktari huweza kuihesabu. Hapo pana upungufu wa kweli.

Saratani ni habari nyingine. Mgonjwa wa saratani anaweza kuwa na chembe nyeupe za kutosha, na uvimbe ukazidi kukua. Tuchukue mfano wa nyumba yenye mlinzi. Mwizi akiingia, huenda mlinzi alikuwa amelala. Huenda alikuwa macho lakini hakumtambua mwizi, kwa kuwa mwizi ni mtoto wa nyumba ile ile. Au huenda alimwona na kumtambua, ila alikuwa amefungwa mikono. Mwenye nyumba anayejibu mambo hayo yote kwa kuajiri walinzi zaidi atalipa mishahara mingi bure. Aliyelala huamshwa, asiyemjua mwizi hujulishwa, na aliyefungwa hufunguliwa. Lugha yetu ina vitenzi vyote hivyo, nasi tumevifumba ndani ya "kuongeza".

Tena, "kuongeza" hubeba hukumu kwamba wingi ni heri. Twaongeza mshahara, twaongeza elimu, twaongeza mavuno. Kumbe kinga ikizidi kiasi, au ikikosa shabaha, ni maradhi. Katika baridi yabisi ya aina inayoharibu viungo, ni seli za kinga za mgonjwa mwenyewe zinazomshambulia. Kumwandikia mtu huyo kwamba mmea fulani utamwongezea kinga ni kumtakia mabaya kwa maneno mazuri.

3. Maharage, na kitenzi "kuchochea"

Mfano ulio wazi kuliko yote umo jikoni mwetu. Mwaka 1960 Peter Nowell, mtafiti wa Philadelphia nchini Marekani, alichapisha taarifa juu ya protini itokayo katika maharage, iitwayo fitohemaglutinini. Protini hiyo ilikuwa ikitumika maabarani kuzigandisha chembe nyekundu za damu ili zitengane na nyeupe. Nowell aliona jambo ambalo halikutazamiwa: limfosaiti, ambazo wataalamu walidhani kuwa zimekwisha kukomaa na hazigawanyiki tena, zilianza kugawanyika. Kampaundi ya mmea ilikuwa imeziamsha seli za kinga. Ugunduzi huo ulifungua mlango mkubwa katika elimu ya kinga, na protini hiyo imekuwa chombo cha maabara tangu wakati huo.

Je, twaweza kuandika kwamba maharage huongeza kinga na hupambana na saratani? Mpishi yeyote atatuzuia. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri humtapisha mtu na kumharisha, na sababu yake ni protini hiyo hiyo. Ikichemshwa sawasawa huharibika, ndiyo maana sisi hula maharage kwa salama. Zaidi ya hayo, katika chombo cha maabara protini hiyo huziamsha limfosaiti kwa jumla, bila ya kuzichagulia adui. Basi hapa pana kampaundi ya mmea inayoziamsha seli za kinga kweli kweli, na bado haiwi tiba ya saratani. Umbali kati ya chombo cha maabara na mwili wa mgonjwa ni mkubwa, nasi watafsiri huuruka kwa neno moja.

Kitenzi kinachofaa hapa, kwa maoni yangu, ni "kuchochea". Mswahili huchochea moto. Anayechochea haleti moto mpya. Hugusa ule uliopo ili uwake. Na kila mtu anajua kwamba moto uliochochewa huivisha chakula, na usipoangaliwa huunguza nyumba. Kitenzi hiki kina onyo ndani yake, na onyo hilo ndilo linalokosekana katika "kuongeza".

4. Ua la Bukini: mmea unaoshusha

Sasa tulijibu swali la mwalimu. Katika bustani nyingi za pwani hupandwa kichaka kidogo cha maua ya rangi ya waridi au meupe, ambacho asili yake ni Bukini, yaani Madagascar, na jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus. Katika miaka ya 1950 majani yake, ambayo huko Jamaica watu waliyatumia kama dawa ya kisukari, yalimfikia Robert Noble na mwenzake Charles Beer nchini Kanada. Walipowajaribia panya hawakuona sukari ikishuka. Waliona chembe nyeupe za damu ndizo zinazoshuka. Kutokana na jambo hilo wakaipata vinblastini, ambayo habari zake zilitangazwa mwaka 1958, na baadaye watafiti wengine wakaipata ndugu yake, vinkristini. Dawa hizi mbili zimewatibu watu wengi wenye saratani za damu na za tezi, watoto wakiwamo.

Utendaji wake ni kuizuia seli isigawanyike. Seli za saratani hugawanyika upesi, nazo hudhurika. Seli za uboho wa mifupa zinazozaa chembe nyeupe pia hugawanyika upesi, nazo hudhurika pamoja. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ajihadhari na mafua. Hapa basi pana mmea uliotoa mojawapo ya dawa mashuhuri za saratani, na dawa yenyewe haichochei kinga hata kidogo, bali huishusha kwa muda. Mtafsiri aliyezoea kuunganisha "mmea", "kuongeza kinga" na "saratani" kana kwamba ni mafiga matatu ya jiko moja, atauandika mmea huu kinyume cha ukweli wake. Na mgonjwa atakayemsoma ataiona hospitali kuwa adui wa mwili wake.

5. Uyoga wa Japani na gome la Chile

Hata hivyo ziko kampaundi ambazo zimepelekwa kwa wagonjwa kwa nia hasa ya kuchochea kinga. Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake wa Japani walieleza habari za lentinani, polisakaridi itokayo katika uyoga uliwao huko, uitwao shiitake. Mwaka 1985 iliruhusiwa nchini humo itumike pamoja na dawa nyingine kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo. Yafaa mtafsiri azingatie mambo mawili. Kwanza, ilitolewa kwa sindano ya mshipa, kwa hiyo habari yake haimwambii mtu kwamba akila uyoga atapata matokeo hayo. Pili, uyoga si mmea. Wanabiolojia wameutenga katika himaya yake, nasi Waswahili hatukuwahi kuuita mti. Iweje basi uitwe mmea katika vijitabu vyetu?

Mfano mwingine ni mti wa Chile uitwao Quillaja saponaria. Gome lake hutoa povu kama sabuni, kwa sababu ya kampaundi ziitwazo saponini. Mojawapo ya saponini hizo imo katika chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika, na huku kwetu Tanzania katika Bagamoyo na Korogwe, kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza mwezi Oktoba 2021. Saponini hiyo peke yake haizuii malaria. Kazi yake ni kuzishtua seli za kinga ili zikipokee kwa uzito kile kipande cha kimelea kilichomo katika chanjo.

Saponini hiyo hiyo ilitiwa pia katika chanjo iliyokusudiwa kuzuia saratani ya mapafu isirudi baada ya upasuaji. Wagonjwa zaidi ya 2,000 walishiriki katika jaribio hilo. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba waliochanjwa hawakukaa muda mrefu zaidi bila ya ugonjwa kuliko wasiochanjwa. Kuchochea kulikuwako, kupona hakukuongezeka. Katika Kiingereza mwandishi huweza kujificha nyuma ya maneno marefu ya kitaalamu. Katika Kiswahili, ambapo maneno yetu yako wazi, tofauti ya kuchochea na kuponya yapaswa kuonekana mara moja.

6. Kuachia breki

Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Walikuwa wamegundua kwamba seli za T zina breki zake, na kwamba breki hizo zikiachiwa, seli huweza kuishambulia saratani. Dawa zilizotokana na ugunduzi huo si kampaundi za mimea, lakini nazitaja kwa sababu ya funzo lake kwetu. Kuachia breki si kuongeza petroli. Na gari lililoachiwa breki mlimani lina hatari yake: baadhi ya wagonjwa hushambuliwa utumbo, ngozi au ini na seli zao wenyewe. Mtafsiri atakayeandika hapa "dawa zinazoongeza kinga" atakuwa amelipoteza jambo lenyewe lililoletea watu hao tuzo.

7. "Dawa", "tiba" na "kuponya"

Neno "dawa" katika Kiswahili lina upana ambao wageni huushangaa. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na dawa ya panya, ambayo haimponyi panya. Upana huo ni mali ya lugha yetu, wala sisemi tuufute. Nasema tu kwamba neno "dawa" halitoi ahadi ya kupona, na mtafsiri asiliongezee ahadi hiyo. "Kutibu" ni kazi ya mganga au daktari. "Kupona" ni hali ya mgonjwa. Ukisema "kuponya" umeviunganisha vyote viwili, na umejitia katika deni la matokeo. Majina ya miti yetu yenyewe hutuelekeza huko: mwarobaini umeitwa hivyo kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Jina la jadi lina haki ya kutia chumvi. Kijitabu cha afya hakina haki hiyo.

8. Mapendekezo

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, natoa mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe:

(a) "Kinga" lisimame kwa uwezo wa mwili wa kujilinda. "Mfumo wa kinga" kwa viungo na seli zote zinazoshiriki. "Seli za kinga" kwa seli zenyewe. Na "kingamwili" liachiwe zile protini tu. Kwa tendo la kuzuia maradhi litumike "kuzuia" au "kujikinga", kadiri ya muktadha.

(b) "Kuongeza kinga" litumike pale tu penye upungufu unaopimika. Kwa kampaundi inayoziamsha seli, tuseme "kuchochea", na kampaundi yenyewe iitwe "kichochezi cha kinga". Kwa kitu kinachotiwa katika chanjo ili kuipa nguvu, "kisaidizi cha chanjo". Kwa dawa zinazoondoa kizuizi, "kuachia breki za kinga".

(c) Dawa itokayo katika mmea ambayo huizuia seli ya saratani isigawanyike isiitwe ya kinga. Iandikwe "dawa inayozuia seli kugawanyika", na msomaji aambiwe kwamba chembe nyeupe huweza kushuka kwa muda.

(d) Mtafsiri ataje daima jambo lilitokea wapi: katika chombo cha maabara, kwa panya, au kwa wagonjwa. Maneno hayo machache yasiachwe kwa kisingizio cha nafasi.

(e) Mti, majani yaliyochemshwa, na kampaundi iliyotengwa kutoka humo ni vitu vitatu. Visitajwe kwa jina moja.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba huu ni ushupavu wa mabwana istilahi, na kwamba mwananchi hahitaji tofauti ndogo ndogo kama hizi. Mwalimu jirani yangu ndiye jibu langu. Yeye aliihitaji tofauti hiyo kuliko mtaalamu yeyote, maana mtaalamu ana vitabu vingine vya kusahihishia, na yeye alikuwa na kijitabu changu tu. Wagonjwa wengi wa Afrika ya Mashariki hufika hospitali saratani ikiwa imekwisha kuenea. Tusiwe miongoni mwa sababu za kuchelewa kwao.

Kijitabu kile kilipochapishwa upya, niliomba ruhusa ya kubadili sentensi yangu. Sasa inasomeka hivi: "Katika maabara, kampaundi iliyotengwa kutoka mmea huu huzichochea baadhi ya seli za kinga. Haijathibitishwa kwamba humtibu mgonjwa wa saratani. Anayetibiwa hospitali asiache dawa zake, hata akiambiwa kwamba chembe nyeupe zake zimeshuka, amwulize daktari." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haina mvuto wake. Nilimpelekea mwalimu nakala. Alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akasema, "Hii sasa naweza kuisomesha."